Kutoka Wenzo hadi Kitufe: Historia ya Kuchagua Hali ya Uendeshaji wa Gari katika Uwanda wa Kati wa Tanzania, 1947–2019

1.0 Utangulizi

Barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251, ilizinduliwa Aprili 2018. Kwa uzinduzi huo mji wa Dodoma ulikamilisha kuunganishwa kwa lami katika pande zake zote nne: mashariki kuelekea Morogoro, magharibi kuelekea Manyoni na Singida, kusini kuelekea Iringa, na kaskazini kuelekea Kondoa na Arusha. Historia ya barabara hizo imeandikwa mara nyingi kama historia ya wahandisi, wafadhili na maazimio ya serikali. Upande mmoja wake haujashughulikiwa vya kutosha, nao ni ule wa mkono wa dereva: alichagua nini ndani ya gari lake kabla ya lami, na anachagua nini baada yake.

Insha hii inachunguza historia ya uchaguzi huo. Istilahi “hali ya uendeshaji” inatumika hapa kwa maana ya mpangilio wowote ambao dereva anaweza kuuchagua kwa makusudi, gari likiwa lile lile, ili lifanye kazi kwa namna tofauti. Kwa maana hiyo wenzo wa Land Rover unaounganisha magurudumu ya mbele, swichi ya X-Trail yenye maneno matatu, na kitasa cha kuzungusha kilichochorwa alama za mchanga na tope ni vitu vya ukoo mmoja. Hata hivyo, ukoo huo una mpasuko, na hoja kuu ya insha ni kwamba mpasuko huo unaonekana Dodoma kwa uwazi ambao si rahisi kuupata Dar es Salaam au Nairobi. Nyenzo za zamani zilibadilisha utendaji wa gari, yaani nguvu inayofika ardhini na idadi ya magurudumu yanayoisukuma. Vitufe vingi vya sasa hubadilisha hisia, yaani jinsi gari linavyoitika mguu na mkono, huku uwezo wake ukibaki karibu pale pale. Kuchanganya mambo haya mawili kumekuwa na gharama, na sehemu ya gharama hiyo imelipwa na watu wanaoishi mbali na barabara kuu.

Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, anaonesha kwamba mafundi na madereva wa Tanzania hawakuwa wapokeaji tu wa gari la kigeni; waliliunda upya gerejini na barabarani. Insha hii inakubaliana naye, lakini inaongeza kigezo ambacho katika uwanda wa kati hakiepukiki, nacho ni udongo. Fundi huweza kulibadili gari, ila ardhi ya Bahi mwezi Februari haibadiliwi na fundi.

Mbali na maandishi ya historia, chanzo kinachotegemewa hapa ni gari lenyewe. Uwiano wa gia, rangi ya kifundo cha wenzo na neno lililoandikwa juu ya kitufe ni ushahidi wa kile ambacho mtengenezaji alidhani dereva atakutana nacho. Hoja nyingi zinazofuata zinatokana na kulinganisha dhana hiyo ya mtengenezaji na ardhi halisi.

2.0 Udongo, majira na njaa

Mji wa Dodoma upo kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua zake ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa wastani hazifikii milimita 600 kwa mwaka. Miezi mingine ni ukame mtupu. Kwa mtu anayepita kwa gari mwezi Septemba, nchi nzima inaonekana kuwa barabara: ardhi ni ngumu, mito ni mchanga mkavu, na gari dogo la magurudumu mawili yanayosukuma hufika karibu kila kijiji. Miezi mitano baadaye hali hugeuka. Udongo mweusi wa mbuga, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mguu, hunywa maji, huvimba na kuwa telezi. Hushika tairi, hujaza mifereji yake, na kuifanya kuwa gurudumu laini lisilo na meno. Udongo mwekundu wa miinuko hustahimili zaidi, lakini humomonyoka. Huko Kondoa mmomonyoko ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Makorongo ya Kondoa yana mchanga, na mchanga nao una kanuni zake.

Kwa hiyo dereva wa uwanda huu hakukutana na aina moja ya barabara mbovu. Katika safari moja ya saa tatu aliweza kuvuka mchanga, mwamba, tope jeusi na changarawe yenye mawimbi.

Jambo la uzito zaidi ni kalenda ya njaa. Ugogo ni nchi yenye kumbukumbu ndefu ya njaa. Mtunya ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliyochunguzwa na mwanahistoria Gregory Maddox, ndiyo inayojulikana zaidi, lakini haikuwa ya kwanza wala ya mwisho. Ghala la kaya hukauka kabla ya mavuno mapya, yaani kati ya Januari na Aprili. Hiyo ndiyo miezi ambayo barabara hazipitiki. Chakula cha msaada kilichofika kwa reli, ambayo ilifika Dodoma mwaka 1910, au baadaye kile kilichohifadhiwa katika maghala ya Kizota, kilikuwa na safari fupi tu iliyobaki, ya kilomita 40 au 60. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari ngumu. Ndiyo maana katika uwanda huu suala la magurudumu mangapi yanasukuma halikuwa suala la starehe wala la michezo. Mjamzito wa kijiji cha bondeni na magunia ya mahindi walitegemea jambo lile lile.

3.0 Kongwa: nguvu isiyochaguliwa

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga Kongwa, kilomita 80 na ushee mashariki mwa Dodoma. Mpango wa awali ulikuwa wa zaidi ya ekari milioni tatu katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Mitambo haikupatikana mipya, kwa kuwa vita vilikuwa vimemalizika juzi tu. Yalinunuliwa matrekta yaliyobaki katika maghala ya jeshi, mengine kutoka Ufilipino, na vifaru aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta na kupewa jina la Shervick. Mwaka 1951 mpango ulitangazwa kuwa umeshindwa baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36.

Sababu za kushindwa huko zimejadiliwa vya kutosha na hazirudiwi hapa. Lililo muhimu kwa insha hii ni dogo: Kongwa ilikuwa na nguvu nyingi za injini kuliko sehemu yoyote ya Tanganyika ya wakati huo, na nguvu hizo hazikufaa. Ardhi ya Kongwa ina udongo wa mfinyanzi ambao kiangazi huufanya mgumu kama saruji, na meno ya majembe yalikatika. Mashine ya kivita iliyoundwa kwa ajili ya Ulaya au visiwa vya Pasifiki ilikuwa na hali moja tu ya kufanya kazi, nayo ilichaguliwa na mtu asiyepata kuiona Kongwa.

Zao moja la enzi hiyo lilibaki. Vijana wengi wa Ugogo na majirani zao walishika usukani kwa mara ya kwanza katika mashamba yale, wakajifunza uendeshaji kwa muda mfupi na kwa mitambo iliyochakaa. Itakuwa ni kutia chumvi kusema kwamba Kongwa ilizalisha kizazi kizima cha madereva wa kati. Hata hivyo, mafunzo ya udereva yaliyotolewa katikati ya mitambo inayokatika hayafanani na yale ya mjini.

4.0 Wenzo mwekundu na kifundo cha njano

Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Magari ya mwanzo yalisukuma kwa magurudumu manne wakati wote, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950 mfumo ulibadilishwa ili dereva achague mawili au manne. Katika matoleo yaliyoenea zaidi Tanganyika na baadaye Tanzania, yaani Series II ya mwaka 1958 na Series III ya mwaka 1971, kulikuwa na nyenzo mbili za ziada kando ya mkono wa gia. Wa kwanza ulikuwa na kifundo cha njano. Ukisukumwa chini, magurudumu ya mbele huunganishwa. Wa pili ulikuwa mwekundu. Ukivutwa nyuma, gari huingia katika gia ya chini, na magurudumu manne hujiunga yenyewe.

Kazi ya wenzo mwekundu inapimika. Katika Series III uwiano wa giaboksi ya pili ni 1.148 kwa 1 katika gia ya juu na 2.350 kwa 1 katika gia ya chini. Maana yake ni kwamba kwa mzunguko ule ule wa injini gari hutembea kwa nusu ya mwendo, na msukumo unaofika kwenye magurudumu huwa takriban mara mbili. Injini haijaongezwa chochote. Inazunguka vile vile. Lakini kinachofika ardhini kimebadilika kweli, na mtu aliyesimama nje ya gari anaweza kukiona. Hii ndiyo maana ya utendaji.

Matumizi yake yalidai maamuzi ya mapema. Dereva aliyeingia tope kwanza kisha akatafuta wenzo alikuwa amechelewa, kwa kuwa tairi zikishachimba, magurudumu manne huchimba mashimo manne badala ya mawili. Mbuga ilivukwa kwa gia ya chini, namba mbili au tatu, mguu ukiwa umetulia juu ya kanyagio la mafuta, bila kuongeza wala kupunguza. Mchanga wa korongo ulidai kinyume chake: kasi ya kutosha kabla ya kuingia, tairi zilizopunguzwa upepo, na usukani usiokatwa ghafla. Kwenye vilima vya Kolo kaskazini mwa Kondoa, au kwenye mteremko wa Nyang’oro katika njia ya Iringa, gia ya chini ilitumika kushukia, injini ikashika gari badala ya breki ambazo zingechemka. Maarifa haya hayakuwa katika kitabu cha gari. Kitabu kilieleza jinsi ya kuvuta wenzo. Wakati wa kuuvuta ulifundishwa na dereva mzee, mara nyingi kwa utingo aliyekuwa ameshika koleo.

Hisia nayo ilikuwepo, ila ilikuwa na kazi nyingine. Gari lililounganishwa magurudumu manne huwa na usukani mzito, hukataa kona, chasisi hutetema. Dereva mzoefu alisoma mambo hayo kama taarifa za ardhi. Usukani uliokuwa mzito ukalainika ghafla ulimwambia kwamba magurudumu ya mbele yameanza kuelea juu ya utelezi. Hakukuwa na kitu katikati ya mkono wake na udongo isipokuwa vyuma.

Hapa panafaa kutajwa suala la mawimbi ya barabara, ingawa halihusu wenzo wowote. Barabara ya changarawe ya kiangazi hujifanyia mawimbi madogo yaliyopangana kama bati. Ukienda polepole gari hutikisika hadi karanga za boliti zilegee. Ukifikisha mwendo fulani, mara nyingi kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa, tairi huruka kutoka kilele kimoja hadi kingine na gari hutulia kama liko juu ya lami. Abiria hushukuru. Kumbe tairi hugusa ardhi kwa sehemu tu ya muda, na breki na usukani vimepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake. Hiyo ndiyo hali ya uendeshaji ya kwanza katika uwanda wa kati ambamo hisia nzuri na utendaji mzuri viliachana waziwazi, na magari mengi yaliyopinduka kwenye kona za changarawe yalipinduka yakiwa “yametulia”.

5.0 Kushuka garini

Kuanzia miaka ya 1980 Toyota Land Cruiser ilianza kuchukua nafasi ya Land Rover katika idara za serikali, misheni, hospitali na miradi ya wafadhili. Toleo la 70, lililotoka mwaka 1984, ndilo ambalo hadi leo huitwa “hadtopu” au “mkonga” kutegemea umbo lake na bomba la hewa lililoinuliwa. Mfumo wake wa msingi haukuwa tofauti: mawili ya nyuma wakati wa kawaida, manne kwa uchaguzi, na gia ya chini. Tofauti ilikuwa kwenye vikombe vya magurudumu ya mbele. Vilikuwa na kishikio kidogo cha kuzungusha kwa vidole, chenye maneno mawili ya Kiingereza yaliyomaanisha “huru” na “funga”. Vikiwa huru, ekseli ya mbele haizunguki bure, na mafuta huokolewa kidogo. Ili magurudumu manne yasukume, lazima mtu ashuke na kuvifunga kwa mkono, kulia na kushoto, kabla ya kurudi kwenye usukani na kuvuta wenzo.

Uokoaji huo wa mafuta haukuwa jambo dogo katika nchi iliyopitia misukosuko ya bei ya mafuta ya mwaka 1973 na 1979, ambamo hata matembezi ya Jumapili kwa gari binafsi yaliwekewa marufuku. Lakini athari kubwa zaidi ya vikombe hivi haikukusudiwa na mtengenezaji. Dereva aliyeshuka kufunga vikombe alikanyaga udongo ambao gari lilikuwa karibu kuukanyaga. Alijua kwa mguu wake kama juu ni telezi na chini ni imara, au kama ni tope la kwenda chini bila mwisho. Akiwa pale alitazama nyayo za gari lililotangulia na kina cha maji. Mara nyingi uamuzi uliofuata ulikuwa kutopita, kulala hapo na kusubiri asubuhi. Hakuna kitufe kilichowahi kutoa chaguo hilo.

Mvua za El Niño za 1997/98 zilionesha mipaka ya mfumo mzima. Reli ya Kati iliharibiwa katika bonde kati ya Kilosa na Gulwe, na barabara nyingi za mkoa zilikatika. Pale ambapo daraja halipo, magurudumu manne hayana msaada.

6.0 Magari ya mnada na vitufe visivyosomeka

Kulegezwa kwa masharti ya biashara kuanzia katikati ya miaka ya 1980 kulifungua mlango wa magari yaliyotumika kutoka Japani. Muongo wa 1990 na wa 2000 ulijaza mitaa ya Dodoma magari madogo ya otomatiki. Yalikuja na redio zisizofika masafa ya vituo vingi vya Tanzania, na baadhi yalisalimu wenye magari kwa Kijapani kila yalipowashwa. Yalikuja pia na vitufe.

Toyota ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wa mwanzo kuweka kompyuta katika giaboksi ya otomatiki, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kompyuta hiyo ndiyo iliyowezesha kitufe cha “nguvu”. Kitufe hicho kikibonyezwa, giaboksi huchelewa kupanda gia na huwahi kushuka. Injini huzunguka kwa kasi zaidi, hulia zaidi, na gari huitika upesi. Madereva wengi waliamini kwamba injini imeongezewa nguvu. Haikuongezewa. Gari likikanyagwa hadi mwisho wa kanyagio, tofauti kati ya kitufe kilichobonyezwa na kisichobonyezwa ni ndogo mno, kwa sababu katika hali zote mbili giaboksi itashusha gia na injini itatoa kile ilichonacho. Tena katika Dodoma ilichonacho ni pungufu: kwenye mwinuko wa mita 1,100 hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyoandikwa katika kitabu chake. Gari lililonunuliwa bandarini huonekana zito likifika Gairo, na kitufe hakiwezi kurudisha hewa ya pwani.

Kitufe cha theluji kina historia ya kuchekesha zaidi, na pengine ya haki zaidi. Hakuna theluji katika uwanda wa kati, na kitufe hicho kilibaki mapambo, au kiliogopwa. Lakini kazi yake halisi ni kulifanya gari liondoke kwa gia ya pili, ili magurudumu yasipewe msukumo mkubwa wa ghafla na kuteleza. Hiyo ni kanuni ile ile ambayo dereva wa Land Rover aliifuata alipoondoka kwa namba mbili juu ya mbuga iliyolowa. Kwa utelezi mwembamba, kama ule wa barabara ya udongo baada ya manyunyu ya Desemba, kitufe cha theluji kingefaa. Kwa tope refu hakifai, kwa kuwa gari dogo lenye magurudumu mawili yanayosukuma halina budi kulindwa na kasi yake. Maarifa yalikuwepo mkoani na kitufe kilikuwepo ndani ya gari. Kilichokosekana ni mtu wa kuyaunganisha, kwa kuwa neno lililoandikwa lilizungumzia nchi nyingine.

Nissan X-Trail ya kizazi cha kwanza, iliyotoka mwaka 2000, ilileta hatua ya kati. Swichi yake ilikuwa na nafasi tatu: magurudumu mawili, manne kwa uamuzi wa kompyuta, na manne yaliyofungwa. Kwa mara ya kwanza mwenye gari la kawaida aliweza kuikabidhi mashine uamuzi wa lini magurudumu manne yasukume. Kompyuta hiyo, hata hivyo, huunganisha magurudumu ya nyuma baada ya ya mbele kuanza kuteleza. Kwa barabara ya lami yenye mvua hilo linatosha. Kwa mbuga ni kosa lile lile la dereva mgeni, la kutafuta wenzo baada ya kuzama, safari hii likifanywa kwa haraka zaidi.

Vitufe vya “uchumi” vilivyofuata havihitaji maelezo marefu. Hupunguza wepesi wa kanyagio na kupoza kwa uangalifu zaidi. Katika joto la Oktaba na Novemba, na kwa dereva anayefidia ulegevu wa kanyagio kwa kukanyaga zaidi, akiba inayopatikana ni ndogo.

7.0 Makao makuu, lami na kitasa

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa. Kwa zaidi ya miaka 40 utekelezaji ulisuasua. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alitangaza kuhama kwa serikali, Waziri Mkuu akahamia mwaka huo huo, Makamu wa Rais mwaka 2017, na Rais mwenyewe mwaka 2019. Pamoja na watumishi walikuja magari yao, na katika lugha ya wananchi gari la kiongozi lilikuwa na jina tayari: shangingi.

Land Cruiser ya toleo la 200, iliyotoka mwaka 2007 na kupatikana kwa injini ya dizeli ya V8 yenye tabo mbili, ilikuwa kilele cha aina hiyo. Tabo huisukumia injini hewa, hivyo mwinuko wa Dodoma hauipunguzi kama unavyozipunguza injini ndogo. Baada ya muda toleo hilo liliwekewa mfumo wa kuchagua aina ya ardhi kwa kitasa. Land Rover ilikuwa imetangulia mwaka 2004 katika Discovery 3, ambayo kitasa chake kilikuwa na alama za barabara ya kawaida, majani na changarawe na theluji, tope na makorongo, mchanga, na miamba. Kila alama hupanga kwa pamoja mwitikio wa kanyagio, giaboksi, difu na breki.

Kwa haki, kitasa hiki si cha hisia tu. Kinapofunga difu, kinabadilisha utendaji kama wenzo ulivyofanya, na breki inayoshika gurudumu moja linalozunguka bure hufanya jambo ambalo hakuna dereva wa Series III angeweza kulifanya. Kilichobadilika ni mahali pa maarifa. Orodha ya aina za udongo, ambayo zamani ilikuwa kichwani mwa dereva na ilitofautiana kati ya Bahi na Kondoa, sasa imeandikwa kiwandani. Tope la kitasa ni tope la wastani wa dunia. Mbuga ya Bahi, inapolimwa mpunga, si ya wastani.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba magari haya hayafiki huko mara kwa mara. Kwa karibu nusu karne ununuzi wa magari makubwa ya serikali ulitetewa kwa hoja ya barabara mbovu, na hoja hiyo ilikuwa ya kweli. Lami ya 2018 iliiondolea hoja hiyo nguvu katika barabara kuu, lakini gari halikubadilika. Kilichobadilika ni hali inayotumika ndani yake. Mwendo ulipanda. Gia ya chini ilibaki miaka bila kuguswa, hadi mafundi wakakuta nyenzo na mota zake zimeganda kwa kutu na vumbi. Upande mwingine wa kosa hilo nao upo: dereva aliyefunga magurudumu manne ya Land Cruiser ya toleo la 70 kwenye barabara ya vumbi akasahau kuyafungua alipofika kwenye lami kavu. Gari hilo halina difu ya katikati. Magurudumu ya mbele na ya nyuma hutembea umbali tofauti kwenye kona, na kwa kuwa lami haiteleza, tofauti hiyo hujikusanya kama msokoto katika shafti na giaboksi. Usukani huwa mgumu, tairi huisha, na mwisho gia huvunjika. Lami ilidai maarifa mapya kutoka kwa watu ambao hawakuambiwa kwamba kuna lolote jipya la kujifunza.

Barabara nazo ziligawanywa. TANROADS, iliyoanzishwa mwaka 2000, inasimamia barabara kuu na za mikoa. TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, inasimamia zile za wilaya, ambazo sehemu kubwa ni za udongo. Kwa dereva mpaka huo wa kiutawala ni ukingo wa lami unaoonekana kwa macho. Ukiiacha barabara ya Kondoa pale Mayamaya, au ile ya Manyoni pale Bahi, kilomita chache zinatosha kuurudisha mwaka 1975. Upande wa ndani wa ukingo huo yanakwenda magari yenye vitasa vya kuchagua mchanga, tope na mwamba, yakiwa kwenye alama ya kwanza. Upande wa nje, msimu wa njaa, inakwenda pikipiki, trekta, lori la Fuso lenye magurudumu mawili ya nyuma, na pale inapopatikana, hadtopu ya kituo cha afya, ambayo dereva wake bado lazima ashuke, akanyage tope, na kuzungusha vikombe viwili kwa mkono kabla ya kuingia mbugani.